Asilimia Sabini na Nane

Asubuhi ya Juni, Riverton, kusini kabisa mwa New Zealand,
barafu nyembamba imelala juu ya paa la gari letu
na ndani, vioo vinalia.
Si mvua. Paa nililipaka lami mwenyewe mwezi wa Machi,
nikapitisha kidole kila mshono.
Maji haya hayakutoka mbinguni.
Yametoka vifuani mwetu.

Watu wawili wakilala usiku kucha
hutoa pumzi ya kujaza birika dogo.
Nilipomwambia Ngaire hivyo, alicheka:
"Basi tuipikie chai."
Akabandika birika bila mfuniko.
Mvuke ukapanda, nami nikapandwa na hasira.

Miaka thelathini nilitengeneza malori ya maziwa.
Najua chuma kinavyooza:
hakianzi kwa kelele,
huanza kwa tone moja lililopata pa kukaa.
Kwa hiyo nina daftari. Nina kipima unyevu
kimening'inia kwa uzi karibu na mlango.
Sabini na mbili. Sabini na tano.
Sabini na nane, siku aliyofua soksi za sufu
akazianika juu ya hita, moja moja, kama samaki.

Niliinua godoro. Chini yake madoa ya kuvu
yalikuwa yamechora ramani ya nchi nisiyotaka kuhamia.
Nikamwaga siki, nikasugua, nikatandika fito
ili hewa ipite chini ya usingizi wetu.

Nyumba nyingine, ziba ufa.
Hii ukiiziba, inakuzamisha.
"Fungua dirisha," nasema.
"Baridi," anasema.
"Vidole viwili tu."
"Vya nani? Vyako vinene."

Kisha goti lake.
Wakampeleka Invercargill, wakamtilia goti la chuma
(chuma, niliwaza, na humo mwilini hamna hata kidirisha),
halafu wiki tatu kwa dada yake Verna,
mwenye nyumba ya matofali na ngazi mbili tu mlangoni.

Usiku wa kwanza nililala katikati ya kitanda.
Kulipokucha, kioo cha upande wake kilikuwa kikavu,
kikavu hata nikaona nguzo ya simu ng'ambo ya barabara
ambayo sikujua kama ipo.
Hamsini na nne.
Namba niliyoiwinda vipupwe vitatu!
Nikaiandika, nikaitazama
kama mtu aliyerudishiwa chenji nyingi mno dukani.

Hamsini na tatu. Hamsini na moja.
Kitambaa cha kupangusia kikakauka kwenye msumari wake,
kigumu kama mkate wa juzi.
Paora wa lile basi la buluu akaja kuazima spana,
akavitazama vioo, akapiga mluzi.
"Umefanyaje? Nifundishe."
Nikamwambia habari za fito, siki, feni ya darini.
Sikumwambia kwamba dawa ni kupumua nusu.

Usiku wa kumi na moja
nikafunga kila kitu, hata tundu la paa.
Nikabandika birika, nikaweka mfuniko kando,
nikakaa na soksi zangu nikilisikiliza.
Mvuke ukatambaa darini, ukasita, ukashuka,
ukatua kiooni, upande wake.
Nikanyoosha kidole. Moyo sikuchora, mimi si wa hayo.
Nilichora saba, kisha nane,
na kabla sijamaliza, mguu wa saba
ukaanza kutiririka hadi kwenye fremu ya alumini,
palepale ninapopakataza siku zote.

Simu ikaita.
"Umefungua dirisha?"
"Vidole viwili," nikasema,
nikipangusa kwa mkono wa shati.